Msamaha wa kodi ya sola mbona haumfikii mamangu?



Wiki iliyopita mamangu alinipigia simu kutoka Kilifi, na safari hii hakuanza na habari za ndoa za jirani. Fundi amempa bei ya sola ya nyumba nzima, paneli nne, inveta na betri, na anataka jibu. Swali la mama lilikuwa moja tu: "Mwanangu, tununue sasa ama tungoje bajeti isomwe?" Nikakosa la kumwambia. Mimi muuguzi mwenye digrii, ninayepiga hesabu ya dozi za dawa usiku kucha bila kukosea, nikashindwa kumwambia mamangu kama paneli zitapanda bei mwezi wa saba au zitabaki palepale. Ndipo nikaona bora niandike, maana najua simu kama hiyo wengi wenu mmeipokea.

Nianzie hapa ninapokaa. Naishi Al Mankhool, upande wa Bur Dubai, si mbali na BurJuman, katika ghorofa la wapangaji kama wengi wenu. Dirishani kwangu naona mapaa: matangi ya maji, madishi, mashine za AC zinazovuma mchana na usiku. Paneli sioni hata moja. Huko jangwani kuna Mohammed bin Rashid Al Maktoum Solar Park, iliyotangazwa 2012, lakini huo ni mradi wa wakubwa. Kwa mwenye nyumba au jengo, mpango unaomhusu ni Shams Dubai.

Watu wa nyumbani hudhani serikali ya hapa inagawa paneli bure kwa sababu ina mafuta. Haigawi. Shams Dubai haikupi hata fils moja ya kununulia. Azimio namba 46 la 2014 la Baraza la Utendaji la Dubai lilimruhusu mwenye jengo kufunga paneli na kuziunga na laini za DEWA, shirika la umeme na maji. Mchana umeme unaomzidi unaingia kwenye laini, mita inahesabu unaotoka na unaoingia, na ziada inapunguzwa kwenye bili zinazofuata. Pesa mkononi hapewi. Mkandarasi lazima awe amesajiliwa na DEWA. Basi, hakuna zaidi. Mpangaji kama mimi simo kabisa kwa sababu paa si langu, na nalisema hilo wazi ili mtu asije akasema naisifia Dubai kwa kuwa nakula mkate wake.

Lakini mwenye jengo anaweza kukaa na kalamu, akapiga hesabu ya miaka kumi mbele, na hesabu ikasimama. Na kumbukeni stima ya hapa ni rahisi: uniti 2,000 za kwanza kwa mwezi mkaazi mgeni hulipa fils 23 kila moja kabla ya tozo ya mafuta. Kwetu Kenya mteja wa kawaida wa nyumbani analipa zaidi ya mara mbili ya hiyo kwa uniti, halafu stima yenyewe ni ya kubahatisha. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizimika, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Kwa hiyo mwenye haja ya sola ni mamangu kuliko tajiri wa Jumeirah. Sasa tazameni nani ameandaliwa hesabu inayosimama.

Sheria ya VAT ya 2013, iliyoanza kazi Septemba mwaka huo, iliuondoa msamaha wa sola. Paneli zikaanza kulipiwa asilimia 16. Kelele zikapigwa, na 2014 Bunge likaurudisha. Biashara ikakua, watu wa vijijini wakazoea kulipa taa kidogo kidogo kwa simu. Halafu 2020, katikati ya korona, watu wamekosa kazi, Sheria ya Fedha ikauondoa tena. VAT wakati huo ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 14, Januari 2021 ikarudi 16, na sola ikapanda nayo. Ilipofika Julai 2021, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaurudisha msamaha. Toa, rudisha, toa, rudisha, ndani ya miaka minane! Paneli nzuri huhesabiwa miaka 25 juu ya paa. Sheria yetu haikumaliza hata kumi bila kugeuka mara nne.

Chukueni mfano wa vifaa vya shilingi 100,000. Asilimia 16 ni shilingi 16,000, karibu dirham 450. Kwa mwenye mshahara wa benki si kitu. Kwa dada anayefanya kazi za nyumbani hapa Dubai, au askari wa mlangoni, hizo ni karibu pesa zote anazotuma nyumbani mwezi mmoja. Na anayechelewa mwezi mmoja huchelewa mwaka, kwa sababu pesa ya sola ikikaa nyumbani haikai. Itatoka karo, atatoka mgonjwa, itatoka harusi.

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe. Msamaha uliorudishwa 2021 ukiusoma unapendeza: paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri za kuhifadhi umeme wa jua, vyote vimo. Ukifika mwisho wa sentensi unakuta maneno mengine: kwa pendekezo la Waziri wa Kawi kwa Kamishna wa ushuru. Yaani msamaha haumshukii mtu kwa sababu alicholeta ni paneli. Unamshukia aliyeandika barua Nairobi, barua ikajibiwa. Kampuni yenye wakili na karani wa forodha itaipata. Mwenye duka pale mjini Kilifi anayeagiza paneli thelathini ataona heri alipe, kisha ampachike mamangu hiyo kodi kwenye bei. Waya, swichi na vyuma vya kufungia paani havikutajwa kwa jina, basi hivyo navyo vina bei yake.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kitu kilichosamehewa VAT si sawa na kitu kinachotozwa asilimia sifuri. Kikisamehewa, mwenye duka harudishiwi VAT aliyolipa yeye kwenye kodi ya jengo, usafiri au simu, naye anaitia ndani ya bei kimyakimya. Hivyo hata pale msamaha unapofanya kazi, si wote unaofika kwa mnunuzi. Hii nilielezwa na binamu yangu mhasibu, nikamwambia nyinyi wahasibu ni wachawi.

Niruhusuni kidogo niseme kama muuguzi. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi katika zahanati moja ya bara ya Kilifi, kule ambako ukitoka barabara ya lami unasahau kwamba kaunti hiyo ina mahoteli. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Zikipita hapo hazinuki wala hazibadiliki rangi, ila hazifanyi kazi, na mama aliyetembea kilomita nyingi na mtoto mgongoni hatajua. Nimezalisha wanawake usiku nikiwa nimeuma simu yenye tochi kwa meno, kwa sababu mikono miwili ilikuwa na kazi nyingine. Paneli tulikuwa nazo, za wafadhili, zimeandikwa majina yao kwa herufi kubwa. Betri ndizo zilikuwa zimekufa. Betri hufa baada ya miaka michache, mfadhili ameshaenda na picha zake. Mwaka huo wa 2020 kamati ya zahanati ilikuwa inachanga ya betri mbili. Bei tuliyopewa mara ya kwanza na ile ya mara ya pili hazikuwa sawa, na dukani tukaambiwa ni kodi mpya. Mchango ukarudi nyuma. Sisemi mtu alikufa kwa sababu ya VAT. Nasema niliendelea na tochi ya mdomoni kwa miezi mingine, na Nairobi hakuna aliyekuwa anaihesabu miezi hiyo.

Nije kwetu sisi wa ughaibuni. Mnajua tunavyofanya. Mtu anaingia Dragon Mart au maduka ya Deira, ananunua paneli na inveta kwa bei nzuri, anazipeleka kwa watu wa kargo zikachanganywe na magodoro na mafriji ya wengine katika kontena moja la kwenda Mombasa. Anatozwa kwa ujazo wa mzigo. Mwaka juzi nilituma paneli mbili za mjomba, nikamuuliza wakala: ndani ya bei hii kuna VAT ya sola au hamna, maana sola imesamehewa? Alicheka. Akaniambia dada, kontena ni kontena. Na kweli kwake ni hivyo: mizigo imetangazwa kwa pamoja, hana barua ya Wizara, wala hana haja nayo. Msamaha uko kwenye kitabu, mimi nimelipa, na risiti niliyopewa haina mstari unaosema nimelipia nini.

Halafu mwaka 2024 Wakenya tulio nje tulituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 kwa hesabu za Benki Kuu. Kila waziri akija Dubai anatukumbusha kwamba sisi ni nguzo ya uchumi. Nguzo hiyo haina hata fomu moja ya kutangaza paneli nne bandarini.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani walikuwa na punguzo la kodi ya mapato la asilimia 30 ya gharama kwa mwenye nyumba, na sheria ya 2022 ilikuwa imeliongeza muda hadi miaka ya 2030. Sheria nyingine iliyotiwa sahihi 4 Julai 2025 ikalifuta kwa gharama za baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Kwa hiyo kugeukageuka si ugonjwa wetu peke yetu. Afrika Kusini nao, walipochoka na kukatiwa stima kwa zamu, walitoa nafuu ya asilimia 25 ya bei ya paneli, isizidi randi 15,000, kwa mwaka mmoja tu kuanzia Machi 2023. Nzuri, lakini tazameni kasoro yake: ni nafuu ya kodi ya mapato. Mvuvi wa Ngomeni halipi kodi ya mapato ya mshahara, basi utampunguzia nini? Hapo nawapenda Togo. Mwaka 2019 walianzisha cheki ya Cizo: familia ya kijijini ikilipia sola yake kidogo kidogo, serikali inaongeza faranga 2,000 kwa mwezi kupitia simu. Kwa simu! Na sisi wenye M-Pesa tangu 2007 bado tunazungumza habari za barua kwa Waziri.

Najua majibu yatakayokuja. Kwanza wataniambia Hazina haina pesa, na tangu Juni 2024, vijana walipoingia barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa, kila shilingi inatafutwa. Ni kweli. Pili, na hili ndilo la maana zaidi, watasema matajiri wakijifungia sola zao na kuacha gridi, gharama za nguzo na nyaya zitabaki kwa maskini. Sina dharau na hoja hiyo. Lakini ikiwa hofu ni matajiri, weka kikomo. Msamaha uwe wa ukubwa wa nyumba ya kawaida na zahanati, mwenye hoteli alipe. Kwa sasa tumefanya kinyume: mwenye hoteli ana karani wa kufuata barua, mwenye nyumba ya vyumba vitatu hana. Na jawabu la kuwaweka watu kwenye gridi lipo katika Sheria ya Kawi ya 2019, iliyoruhusu mita ya kuhesabu kwenda na kurudi kama ya Dubai. Kanuni zake zilichukua hadi 2024. Miaka mitano kuandika kanuni!

Ninachotaka ni kidogo. Msamaha uwe wa bidhaa yenyewe kwa namba yake ya forodha, barua ya Waziri iondolewe. Uandikwe kwa miaka kumi, na anayetaka kuugusa atoe notisi ya mwaka mzima, asije nao usiku wa Juni. Mzigo wa mtu binafsi wenye paneli chache upate fomu yake Mombasa. Na kwa kaya zisizoweza kununua kabisa, hasa kaunti kama Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu zilizo katika mradi wa KOSAP, msaada upite kwenye simu ya mwenye nyumba, naye fundi awe na leseni ya EPRA ili tusifungiwe takataka. Wabunge wetu wa Pwani mnatusoma, msijifanye hamuoni. Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi kila mwaka kabla ya mswada kupita. Mwaka huu tupeleke yetu kwa maandishi, wa Dubai, wa Muscat, wa London, badala ya kulalamika baada ya bajeti.

Mama nimemwambia anunue sasa, asingoje. Risiti adai yenye kila kifaa kwenye mstari wake, na aniwekee.

Naomba kuwasilisha.