Taabu Isiyotazamiwa

Mwenzetu mmoja hapa Makorora, aliyeondolewa kazini ghafula, alituuliza, "Nimekosa nini?" Tukamjibu, si kila taabu ni adhabu. Tukamkumbusha Martin Kayamba, mwanafunzi wa Kiungani. Katika vita vya 1914 hata 1918 Wadachi walimfunga. Akafunguliwa mwaka 1916, Wabelgiji walipoitwaa Tabora. Akaja Tanga akatumika, na mwaka 1922 akawakusanya wenzake, watumishi wa serikali, wakafanya chama chao. Basi, kuipokea taabu si kuiita njema, wala si kuketi bure. Ni kumwachia Mungu hukumu, na kushika tena jembe. Enyi wazazi, wafundisheni watoto kushukuru hata siku ambayo chungu hakikutelekwa.