Maji magumu na mashini ya kuyalainisha

Baba mmoja wa jamaa, mkaaji wa Lubumbashi, ametuletea ulizo ambalo twajua ni la wengi. Katika miaka miwili boila yake imeunguza rezistansi mara mbili, na birika la umeme limeota ndani gamba jeupe kama ganda la yai. Mchuuzi amemwambia kwamba mashini ya kulainisha maji itaokoa vyombo vyote vya nyumba. Fedha anazo, lakini ndizo alizowawekea watoto kwa minervali ya mwaka huu. Je, anunue?

Kwanza tuone gamba lile latoka wapi. Maji ya mvua huanguka yakiwa laini. Yakipita udongoni hujitwalia gesi ya kaboniki, na kwa nguvu ya gesi hiyo huyeyusha mawe ya chokaa kidogo kidogo. Nchi ya Katanga ina mawe ya namna hiyo kwa wingi, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi. Basi maji ya visima na chemchemi zake hutujia yamebeba kalsiumu na magnesiumu, ingawa machoni ni meupe kabisa. Hayo ndiyo maji magumu. Kinshasa, penye vilima vya mchanga, maji ya mito ni laini, na ndugu zetu wa huko pengine watashangaa tunalalamika nini. Lakini wenyeji wa Goma na Bukavu watatuelewa, kwa maana ziwa Kivu limejaa magnesiumu ambayo chemchemi za chini huipandisha kutoka katika nchi ya volkano.

Maji magumu yakiwa baridi hayana ubaya mkubwa. Moto ndio uletao shida. Yakichemka, gesi hutoroka, na chokaa iliyokosa gesi haiwezi tena kukaa ndani ya maji: hugeuka kuwa jiwe na kujibandika mahali palipo na moto mwingi kuliko pengine, yaani juu ya rezistansi yenyewe. Mafundi wetu huliita gamba hilo kalkeri. Kalkeri ni kama blanketi: joto halipiti vizuri, umeme watumika zaidi, na chuma kilichofunikwa chajipasha kupita kiasi hata kikatike. Ndiyo maana boila, birika, mashini ya kahawa na mashini ya kufua kwa maji moto huumia, lakini frigo haina habari.

Sasa mashini yenyewe. Ndani yake mna mtungi uliojaa punje ndogo za rezini, na kila punje imeshika sodiumu, ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Maji magumu yakipita, punje huchukua kalsiumu na magnesiumu, nazo huachilia sodiumu mahali pake. Zikisha kushiba, mashini huzisafisha kwa maji ya chumvi, na kazi huanza upya. Si uchawi, wala si jambo la jana. Mwaka 1850 Waingereza Thompson na Way walieleza ya kuwa udongo wa shamba hufanya badiliko la namna hiyo: waliumiminia mbolea iliyoyeyushwa, na chini ikatoka chokaa. Rezini za kutengenezwa na watu zilikuja mwaka 1935. Hivyo mkulima alitangulia, na fundi wa mabomba akafuata nyuma yake.

Msomaji ashike neno hili moja: mashini hiyo haiondoi, yabadilisha. Maji yatokayo ni laini, lakini si matupu. Chumvi zilizomo hazikupungua, zimekuwa za namna nyingine. Mchuuzi hupenda kulipita neno hilo upesi, nasi twataka kukaa nalo kidogo.

Kwa kuwa sodiumu haigeuki jiwe katika moto, ni kweli kwamba boila na birika zitapona na kalkeri. Sabuni pia itatoa povu mara moja, wala haitaacha ule utando wa kijivu juu ya nguo. Mama wa nyumba apunguze kipimo chake, la sivyo povu litajaa katika mashini ya kufua na kuchosha wasuuzaji. Hata maharagwe yataiva upesi, maana kalsiumu hukaza ganda la nafaka hiyo. Mama zetu walijua dawa ya jambo hilo kabla ya rezini yo yote: maji ya majivu katika chungu. Majivu hulainisha maji kweli, na sombe yashuhudia.

Lakini pasi ya mvuke haitaki maji hayo. Mvuke ukitoka, chumvi ya sodiumu hubaki ndani, na watengenezaji wengi wa pasi huyakataza katika karatasi zao. Betri ya gari vilevile: yataka maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, si maji yaliyolainishwa. Sufuria za aluminiumu zitakuwa nyeusi upesi zaidi. Na ndani ya boila mna fimbo ya magnesiumu, iliyowekwa ili iliwe na kutu badala ya mtungi. Katika maji yaliyolainishwa fimbo hiyo huisha mapema. Asiyeitazama kila mwaka atapona na kalkeri kisha apoteze boila nzima kwa kutu.

Tufanye hesabu kidogo, wanafunzi watatufuata. Ugumu wa maji hupimwa kwa digrii za Kifaransa. Digrii moja ni miligramu 10 za chokaa katika litri moja. Maji ya digrii 30 yana basi miligramu 300. Kuyalainisha kabisa kwatia miligramu 138 hivi za sodiumu katika kila litri. Mtu mzima ashauriwa asipite miligramu 2000 kwa siku, chakula chote pamoja. Kwa mtu wa afya si kitu kikubwa. Kwa mzee mwenye tansiyo, aliyekatazwa chumvi na daktari, ni kitu, na maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasikorogwe kwa maji hayo. Chumvi ya kusafishia nayo hununuliwa: kwa litri 1000 za maji kama hayo hesabu yadai gramu 350, na kwa kweli mashini hula mara mbili ya hizo au zaidi. Maji machafu ya chumvi yasimwagwe chini ya mgomba wala penye lengalenga, kwani yataharibu udongo. Tena mashini yahitaji maji yenye nguvu katika bomba. Mtaa ambao maji hutoka usiku tu, tena kwa matone, usijisumbue.

Kwa huyo baba, basi, shauri letu ni kulipa minervali kwanza. Boila moja na birika moja hazistahili mashini ya bei hiyo. Aombe kipimo cha ugumu wa maji yake, ajue adui ni mkubwa kiasi gani. Birika alitie siki na maji nusu kwa nusu, alipashe moto polepole, aliache saa moja, kisha alisuuze vizuri. Siki isichanganywe kamwe na maji ya Javel: gesi itokayo huumiza mapafu, nayo imekwisha kulaza watu wengi hospitalini. Boila aiweke katika digrii 60 za joto, kwa maana kupita hapo kalkeri huongezeka mbio. Chini zaidi ya hapo vijidudu hupata makao. Mara moja kwa mwaka fundi akate umeme, aifungue na kuikwangua. Wakati wa masika, kuanzia Novemba mpaka Machi, mapipa yakingwe chini ya bati kwa ajili ya kufua, tena yafunikwe ili mbu wasizae humo.

Mambo ni mengine kwa nyumba ya uzazi au hosteli ya wanafunzi, ambapo maji moto na nguo za kufua havina mwisho. Huko mashini yaweza kurudisha fedha yake. Lakini fundi aiunge kwenye bomba la boila na la kufulia tu, na robine ya jikoni aiache katika maji ya zamani.