Nyota Reli Ishirini na Moja Reli

Kila nikienda Mungaa, kabla sijamaliza kunywa maji, naletewa simu. Mimi ndiye mtoto aliyesoma, kwa hiyo mimi ndiye fundi. Mara ya mwisho baba mdogo alinikabidhi kitochi chake, akavuta kigoda karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nimepiga nyota reli ishirini na moja reli. Hebu nisomee hapo, mwanangu. Wananisikiliza?"

Skrini ile haikuwa na jibu la swali lake. Namba hiyo huonyesha jambo moja tu: kama simu unazopigiwa zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Kuhusu mtu anayenasa mazungumzo yako, haijui lolote. Lakini kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia inazunguka kama dawa, na mara nyingi anayeisambaza ni kijana mwenye shahada, akiamini amewalinda wazee wake.

Nina ugomvi na kijana huyo, na nakiri kwamba nimewahi kuwa yeye. Tumegeuza ulinzi wa simu kuwa usafi wa mtu binafsi, kama kunawa mikono: weka namba ya siri ngumu, usibonyeze viungo usivyovijua, usimtajie wakala PIN yako, usijibu ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Yote ni kweli na yote yafanywe. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, huenda ukashtuka. Ila haya yanamzuia mwizi. Hayamgusi yule ambaye hana haja ya kuiba kwa sababu anapewa.

Baba mdogo aliacha simu janja akarudi kwenye kitochi kwa kuambiwa kwamba kitochi hakidukuliwi. Ni kweli, ni vigumu kukipandikizia programu ya kijasusi. Lakini kila ujumbe mfupi na kila simu ya kawaida hupita mikononi mwa kampuni, na kampuni inaweza kuvifungua. Isitoshe, simu yoyote iliyowashwa hujitambulisha kwenye mnara ulio karibu. Kampuni inajua ulimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, ukiwa eneo gani. Hata Signal, inayoficha maneno yako, haikuondoi kwenye mnara.

Mungaa ingepaswa kulijua hili kuliko wengine. Wakati huo ilikuwa katika jimbo la Singida Mashariki, na Septemba 7, 2017 mbunge wake, Tundu Lissu, alipigwa risasi 16 mjini Dodoma. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la The Guardian liliandika yaliyofikishwa kwenye mahakama ya kazi jijini London. Michael Clifford, aliyekuwa mchunguzi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyoimiliki Tigo wakati huo, alidai kwamba taarifa za simu za Lissu na mahali alipo zilipelekwa serikalini wiki kadhaa kabla ya shambulio, na kwamba yeye aliachishwa kazi kwa kulihoji jambo hilo. Madai si hukumu. Lakini jiulize: ni namba gani ya siri ingemsaidia Lissu?

Usidhani ni suala la wanasiasa peke yao. Mwaka 2014 Vodafone ilichapisha ripoti ya maombi iliyopokea kutoka kwa serikali za nchi inakofanya biashara. Kwa Tanzania, maombi ya taarifa za mawasiliano yalikuwa 98,765 kwa mwaka mmoja, katika mtandao mmoja.

Sheria nazo tunazo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuagiza data itolewe kwa ajili ya upelelezi, bila kwanza kupita kwa hakimu.

Najua jibu linalokuja: kama huna baya, unaogopa nini? Na matapeli watakamatwaje? Wakamatwe. Taarifa za simu zimesaidia kuwapata wezi, nami sitaki wezi wapone. Nataka hakimu asaini kwanza. Nataka kila kampuni itangaze kila mwaka ilipokea maombi mangapi na ilikataa mangapi. Nataka mteja aarifiwe upelelezi ukishaisha. Sisi tuliwapa alama za vidole ili laini zetu zisifungwe. Wao watupe angalau hesabu.

Hayo hayatakuja kwa kusambaza namba za nyota na reli. Yatakuja tukimwandikia mbunge, tukiiuliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, tukizisumbua kampuni kwa maswali kama tunavyozisumbua bando likiisha ghafla.

Nilimrudishia baba mdogo kitochi chake, nikamweleza nilichoweza. Alikigeuzageuza mkononi.

"Kwa hiyo hapa hakuna cha kubonyeza?"

"Hakuna, baba."

"Basi nenda kawaulize wenye minara. Si ndiyo maana tulikusomesha?"