KABILA LA WABENZI LAINGIA SOKONI

Jamani waandishi wenzangu, leo nimekuja kugombana.

Rafiki yangu mmoja, naye anaandika kama sisi, alinionyesha tangazo la gari. Mercedes-Benz 600, lile la kifahari la Kijerumani, linauzwa kwa matajiri wanaokusanya magari ya zamani. Akashusha pumzi kama mtu aliyeonyeshwa pepo, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo riwaya yenyewe!" Nikamwambia riwaya ipo kweli, ila wewe umekaa kiti kibaya.

Tuwe wakweli kwanza. Gari hilo lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963, likaundwa mpaka 1981, na yote kwa jumla hayakufika 2,700. Injini ya silinda nane, lita 6.3. Vioo, viti, hata mfuniko wa buti, vyote vinasukumwa na mafuta yenye presha, kimya kimya, bila mota ya umeme. Lile la kutanulia zaidi, Pullman, linapita mita sita kwa urefu. Mafundi wale walikuwa na akili, siwanyimi haki yao. (Hapa mtaani kwetu Mpanda sijui lingekata kona wapi. Guta tu linakwama!)

Kinachonichefua ni zile sifa. Magari haya husifiwa kwa majina ya waliowahi kuyapanda, na Mobutu na Idi Amin hawakosi kwenye orodha, kana kwamba kukaa kwao kumeongeza nta juu ya rangi. Eti historia! Historia gani inayohesabu makalio ya abiria isihesabu mifuko ya waliolipa?

Mobutu alitawala tangu 1965 hadi 1997. Ukisimama Karema, humu humu mkoani Katavi, ukatazama magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ndiyo ile nchi aliyoiita Zaire. Mwaka 1996 na 1997 watu wake walivuka ziwa hilo kukimbia vita, na mizigo yao ilikuwa mabunda ya nguo na masufuria. Shaba ya nchi yao ilikwenda wapi? Na huyo Amin, majeshi yake yaliingia Kagera mwaka 1978, vijana wetu wakaenda, wengine hawakurudi. Sasa leo mtu aniambie kwamba kiti alichokalia bwana huyo ni kitu cha kutia fahari sebuleni? Hapana, bwana wee.

Halafu sisi wenye Kiswahili tuna aibu gani? Watu wa mitaani, siyo maprofesa, walishaiandika historia ya gari hili kwa neno moja tu: Wabenzi. Hebu litazame vizuri. Wametwaa jina la kampuni ya Ujerumani, wakalitia kwenye ngeli ya watu, likawa kabila! Huku kwetu tuna Wabende, Wakonongo, Wapimbwe. Na Wabenzi nao wakapewa nafasi yao, kabila lisilo na kijiji wala jembe. Neno hilo lina kicheko na lina uchungu, na hakuna tangazo lenye kurasa kumi litakalolifikia.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi hisa za kampuni, mishahara miwili na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Baadaye tukapata mashangingi. Hayo mnayajua, mavumbi yake mmeyala.

Rafiki yangu alinijibu, "Acha siasa, hii ni sanaa." Sawa. Basi nami niungame kisanaa. Nilipomaliza kidato cha nne niliandika riwaya kwenye kaunta buku. Ukurasa wa kwanza, shujaa wangu anateremka kwenye Benzi jeusi, msichana anazimia kwa mapenzi. Mimi! Ambaye safari yangu ndefu ilikuwa treni ya kwenda Kaliua, nimebanana na magunia ya mpunga! Nilikuwa namwandikia Mbenzi, tena bure, bila hata ahadi ya posho. Na ninyi mnafanya hivyo hivyo. Nasoma hadithi zenu humu, kila tatu moja ina Benzi, na dereva wake hana jina. Anafungua mlango, basi, kazi yake imekwisha.

Kurasa zile nimezichana. Natafuta sura mpya ya kwanza, na nakwama, maana sijawahi kumkalia karibu mtu wa kazi ile. Kwa hiyo, msomaji, kama una babu aliyewahi kumwendesha kigogo, niandikie kwa kupitia jarida hili. Nataka kujua jambo moja kabla ya mengine: usiku wa karamu, bosi akiwa ndani, yeye pale nje alikula nini?