Mke na Mume Wakati wa Demani



Mara nyingi katika ukurasa huu twaandika habari za malezi ya watoto. Leo nataka kuandika habari za wazazi wenyewe, watoto wanapokwisha kuondoka.

Sisi tukaao katika milima ya Usambara ya Mashariki hatuna majira ya majani kupukutika kama watu wa Ulaya. Lakini baridi ya kipupwe ikipungua huja demani: jua si kali, upepo wa kusi umelegea, ukungu huondoka mapema, na mvua za vuli bado hazijashika. Kazi za shamba hupungua, ndipo mwanamume apatapo nafasi ya kupumzika. Nasema mwanamume, kwa maana mke hana demani. Maji, kuni na meko havijui majira.

Nami kwa miaka mingi nilipumzika hivyo. Saa kumi jioni nilikwenda barazani kucheza bao na wenzangu, nikarudi wakati wa chakula. Bao si dhambi, ijapokuwa yuko mzee mmoja wa kanisa asemaye kuwa ni dhambi (nadhani ni kwa sababu hufungwa kila mara). Lakini mtoto wetu wa mwisho alipokwenda kusoma mbali, usiku ule wa kwanza tuliketi kula, mimi na mama watoto, tukaona hatuna neno la kuambiana. Nikamwuliza, "Chumvi iko?" Akajibu, "Iko." Basi, mazungumzo yakaisha. Miaka 27 ya ndoa, na maneno yetu yote yalikuwa juu ya watoto! Nalishikwa na hofu usiku ule, wala sikuweza kulala.

Siku zile nilikuwa nikisoma habari za kale za Amani, na humo nikakuta habari za Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, na mkewe Winifred. Bwana huyu alikuwa mtu wa hesabu. Kwanza alifanya kazi ya ofisi huko Misri, alikokwenda kwa ajili ya maradhi ya viungo, kisha tangu mwaka 1928 hata 1946 alikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani. Kutazama ndege hakukuwa kazi aliyosomea, bali kulikuwa furaha yake na ya mkewe. Mwaka 1938 alipoandika habari za ndege mdogo wa milima ya Uluguru ambaye wataalamu walikuwa hawajampa jina, alimpa jina la mkewe. Na mwaka 1941 walitoa pamoja, majina yote mawili yakiwa juu, maandiko marefu juu ya uzazi wa hondohondo.

Hondohondo mnamjua: ndege mkubwa mweusi na mweupe, mwenye mdomo mkubwa na juu yake kama kofia, ambaye mabawa yake huvuma hata mtu aliye ndani ya nyumba humsikia. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti mrefu. Dume humletea udongo aliokwisha kuumeza, naye jike huupokea na kuuziba mlango kutoka ndani, ukabaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu, wala hatoki mpaka kinda awe tayari kuruka. Siku hizo zote chakula chao chamtegemea dume. Huenda kula matunda, akarudi koo limejaa, akayatapika moja moja na kuyapitisha ufani. Bwana na Bibi Moreau walikadiria kwamba dume mmoja kwa siku 120 alikuja mara 1,600, akaleta matunda 24,000.

Nilipomsomea mama watoto habari hii alicheka. "Tundu la namna hiyo liko juu ya njia ya kuni," akasema. "Nimeliona miaka mingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa barazani, baba watoto."

Najua mtasema: Wazungu wale walikuwa na watumishi, tena walikuwa na wasaidizi wenyeji waliofundishwa kukaa chini ya miti na kuhesabu. Ni kweli. Mama watoto hakuweza kukaa hata nusu saa chini ya mti huku mtungi ukiwa mtupu. Basi ilinipasa kuchota maji mwenyewe na kupasua kuni asubuhi. Majirani walinicheka wiki mbili, kisha wakachoka. Waalimu wenzangu, katika mafundisho ya ndoa twawafundisha vijana wajibu wa mume na wajibu wa mke, nao hujua kuyajibu yote. Lakini sijasikia hata mmoja wetu akiwauliza, Mtafanya nini pamoja msipokuwa na kazi?

Siku hizi msitu wa Amani ni hifadhi ya serikali, tangu mwaka 1997, lakini mti wetu uko nje, ukingoni mwa mashamba. Twakaa mbali kidogo, ndege asiogope, na vijana wenye manati twawafukuza. Mama watoto huyajua matunda kuliko mimi. Ndiye aliyenionyesha kwamba ndege hawa hupenda sana musizi, mti wa kigeni ambao mbegu zake wanazieneza msituni, na watunza msitu hawafurahi hata kidogo.

Huhesabu kwa punje za mahindi, akizihamisha kutoka mkono huu kwenda huu. Juzi dume alipokuja, yeye alihesabu matunda 19, mimi 17. Tulibishana njia nzima mpaka nyumbani, na wakati wa kula, na baada ya sala. Yeye asema nilisinzia.