ALIYENYAMAZA SI MVIVU



Msimu uliopita tulimpiga faini mwenzetu kwa kukosa kazi ya pamoja mara tatu. Tukamwita mvivu mbele ya mkutano. Hakujibu kitu. Baadaye mkewe akatueleza: halali usiku, chakula hakipiti, ng'ombe hawaangalii, anasema afadhali afe. Faini tumemrudishia, aibu tumebaki nayo sisi. Jina hatulitaji, kuandika ameturuhusu mwenyewe.

Ugonjwa huo unaitwa sonona. Mtu akikaa majuma mawili mfululizo hana raha, usingizi hana, kazi aliyoipenda haitaki tena, huyo si mvivu wala hajalogwa. Ni mgonjwa, kama wa malaria, na matibabu yapo.

Sisi tunasema hivi. Kwanza, mwenzio akiacha kuja, nenda kwake ukamuulize kabla ya kumsema. Pili, ukisikia mtu anataja kufa, usimcheke wala usimwache peke yake. Dawa ya kupulizia pamba itoke chini ya kitanda ikafungiwe kwa kufuli, maana saa mbaya huja ikapita. Tatu, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Ikizidi, ipo Bugando kule Mwanza, ipo na Mirembe, Dodoma. Mirembe si jalala la watu. Ni hospitali, watu hutibiwa wakarudi kulima.

Anayetaka mganga hatugombani naye, ila zahanati iwe ya kwanza.

Mwenzetu yule anatumia dawa. Juzi alikuja kupima pamba, tukampisha kiti.

Katibu wa Chama,
Kiloleli