Msiisingizie Kamati ya Maadili

Katika vyuo vya afya, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, kuna wimbo usiochuja: utafiti umekwama kwa sababu kamati ya maadili imekalia faili. Huuanzisha mwanafunzi wa uzamili anayekaribia kumaliza muda wa masomo, akaitikia mratibu wa mradi anayedaiwa ripoti na wafadhili. Ni wimbo mtamu, maana humtoa mwimbaji lawamani. Lakini mara nyingi aliyechelewa ni yeye mwenyewe.

Utazame mpango kazi wake. Mwezi wa kwanza, kibali. Mwezi wa pili, kukusanya data. Mwezi huo mmoja umetoka wapi? Kamati nyingi hukutana mara moja kwa mwezi, na hufunga kupokea maombi siku kadhaa kabla ya kikao. Anayeleta faili siku moja baada ya hapo husubiri kikao kingine. Tena muda unaotangazwa na kamati kwa kawaida huhesabiwa tangu faili lilipokamilika, nao hufikia ukomo kwenye majibu, ambayo si lazima yawe kibali. Majibu yaliyozoeleka ni: rekebisha, urudishe.

Na kinachorekebishwa ni nini? Itifaki inasema mshiriki atatolewa damu mililita 5, fomu ya ridhaa inasema 10. Fomu ya Kiswahili haina namba ya simu ambayo mama ataipiga usiku mtoto akipata madhara. Mkataba wa kusafirisha sampuli nje ya nchi haujasainiwa. Mtafiti hupokea maoni hayo, akayaweka kando wiki kadhaa, kisha akazihesabu wiki hizo kwenye deni la kamati.

Isitoshe, kibali cha chuo si mwisho wa safari. Tanzania, jaribio la dawa lenye watafiti wa kigeni hupita kwenye kamati ya kitaifa iliyo chini ya taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, na pia kwenye mamlaka ya dawa, TMDA, na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, kabla ya barua za mkoa na wilaya. Kenya kuna leseni ya utafiti ya tume ya sayansi, NACOSTI, na kwa majaribio ya dawa, Bodi ya Famasia na Sumu. Ngazi hizi hazikufichwa. Mtafiti wa malaria asiyezipigia hesabu, masika yakampita, alaumu kalenda yake.

Kamati nazo si malaika. Wajumbe wengi wana ajira nyingine, akidi hukosekana, na ngazi ambazo zingeweza kwenda sambamba hupangwa foleni. Kwamba kasi inawezekana tuliliona wakati wa Ebola: mlipuko wa Guinea ulitangazwa Machi 2014, na jaribio la chanjo likaanza huko Machi 2015. Kudai kasi ni haki. Kuandika kwenye mpango kazi kasi ambayo bado haipo ni kujidanganya.

Kalenda ikiachiwa itawale, yaliyotokea Kano, Nigeria, yanajulikana. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia dawa ya Trovan watoto wapatao 100, huku wengine kama hao wakipewa dawa ya kulinganishia. Watoto 11 walifariki, kutoka makundi yote mawili. Baadaye ikafichuliwa kwamba barua ya kibali cha maadili iliandikwa jaribio likiwa limekwisha, ikarudishwa nyuma tarehe. Hospitali lilikofanyika jaribio haikuwa hata na kamati ya maadili wakati ule. Pfizer ilikana kukosea, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano.

Kwa hiyo wafadhili waache kupitisha mpango kazi wenye mwezi mmoja wa kibali. Msimamizi wa mwanafunzi adai kuziona tarehe za vikao kabla ya kusaini pendekezo, na mtafiti atenge muda na fedha za angalau raundi mbili za marekebisho. Asiyeweza kufanya hivyo hajawa tayari kuwachoma watu sindano.